Bado Wiki Nane

Wahenga walilonga kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandika katika insha hadi kalamu zikachoka, na walimu wakatupa alama kwa sababu yake. Lakini naungama, ndugu msomaji, kwamba mimi binafsi sikuijua maana yake mpaka usiku mmoja wa Ijumaa, mwezi wa Novemba mwaka wa 2024, nilipomwona kaka yangu amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa chini ya mwembe, ameinua simu juu kama mtu anayeomba mvua.

Hicho ndicho kisa ninachotaka kukusimulia. Ni kisa cha kaka yangu, lakini ukivumilia hadi mwisho utaona kuwa ni changu pia.

Kaka yangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa chuo kikuu. Habari hizo zilipofika kijijini kwetu, si mbali na Masii, wazee waliacha kumwita kwa jina lake. Wakaanza kumwita "Profesa". Akipita sokoni, "Profesa, hujambo?" Akienda kisimani, "Mpisheni Profesa achote maji." Mama, ambaye huuza ndengu na kunde sokoni, aliuza mbuzi wawili ili amnunulie simu ya kisasa. Baba, ambaye ni bawabu Nairobi, alituma alichoweza. Kaka alikuwa anakwenda kusomea ualimu, na sisi sote tulikuwa tunakwenda naye, hata kama miili yetu ilibaki nyumbani.

Kumbe hata yeye mwili wake ungebaki nyumbani! Chuo chenyewe, ambacho sitakitaja, kiliwaarifu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba muhula wa kwanza masomo yao yote yangefanyika mtandaoni. Mama alifurahi ghaya ya kufurahi. Hakuna kodi ya chumba, hakuna chakula cha kununua, hakuna nauli. Isitoshe, masomo ya aina hii si mageni tena katika nchi yetu. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoingia Kenya na milango ya shule na vyuo ikafungwa, vyuo vikuu vingi vililazimika kufundishia mtandaoni. Tena mwezi wa Agosti mwaka wa 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake ya kuanzishwa, makao yake yakiwa kule Konza, na wanafunzi wake husoma kwa njia hiyo hiyo. Basi hatukuona ajabu.

Mimi nilimwonea kaka wivu, nasema kweli. Sisi wa shule ya kutwa tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Tunakimbia na umande, kengele inalia, mwalimu wa zamu yuko langoni na daftari lake la majina. Ukichelewa dakika tano, utafagia uwanja. Kazi ya hesabu isipokamilika, utasimama mbele ya darasa. Kaka naye alikuwa analala hadi jua linaingia dirishani, kisha anafungua simu akiwa kitandani, na huko ndiko chuo kikuu! Nilijiambia moyoni, "Wengine wamezaliwa na bahati."

Katika juma la nne la muhula, mwishoni mwa Septemba, kaka alipewa insha ya kurasa kumi kuhusu historia ya elimu. Ilikuwa na alama 20. Siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa tano na dakika 59 usiku. Baada ya hapo mtambo ungejifunga wenyewe.

Jioni ile Mama alimwuliza, "Na hiyo kazi ya walimu wako, umeanza?"

"Mwaitu, usiwe na wasiwasi," kaka akajibu huku akitabasamu. "Bado wiki nane."

Bado wiki nane! Maneno hayo nimeyasikia masikioni mwangu mara nyingi tangu siku ile.

Sasa nataka uelewe jambo moja, kwa maana wengi wanaposikia kisa hiki husema tu, "Ah, huyo ni mvivu." La hasha! Kaka yangu si mvivu. Katika wiki zile nane sikumwona akikaa bure hata siku moja. Alitengeneza matuta ya fanya juu yaliyobomoka tangu mvua ya mwaka uliopita, kazi ambayo Baba alikuwa ameiacha miaka miwili. Alijenga upya zizi la mbuzi. Alipanga vitabu vyake vyote vya sekondari kwa rangi za majalada. Mvua ilipoanza alipanda mahindi na ndengu, na mistari yake ilikuwa imenyooka kama rula. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mtoto chuo kikuu kimemfanya mchapakazi." Hakuna aliyetambua kuwa kaka alikuwa anakimbia. Kila asubuhi alikuwa akifungua simu, anaisoma ile kazi, uso unabadilika, kisha anaifunga na kuchukua jembe.

Mihadhara nayo ilikuwa imehifadhiwa pale mtandaoni ili mwanafunzi aitazame wakati wowote. Hilo neno "wakati wowote" ndilo lililommaliza. Mhadhara wa Jumatatu uliahirishwa hadi Jumatano, wa Jumatano hadi Jumapili, na wa Jumapili ukajiunga na wenzake. Kufikia mwezi wa Novemba mihadhara ilikuwa imerundikana kama kuni za arusi.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Sisi wa sekondari tulikuwa tumefunga shule. Kaka aliamka alfajiri, akajifungia chumbani na daftari lake kubwa. Aliandika kwa kalamu hadi adhuhuri, halafu akaanza kuchapa kwenye simu kwa vidole viwili. Alikuwa amenunua bando la shilingi 50, akalitunza kwa ajili ya kuituma ile kazi. Saa kumi jioni alitoka kwenda kuwanywesha mbuzi, akaiacha simu mezani. Akaniambia, "Usiguse bando."

Nikaligusa.

Ndugu msomaji, nilijiambia kuwa nitatafuta tu maana ya neno moja la msamiati. Nikalipata katika dakika mbili. Kisha nikaona picha ya bao lililofungwa huko Uingereza. Nikalitazama. Baada ya bao hilo likaja bao jingine lenyewe, kisha mchekeshaji mmoja, kisha mwingine. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limeinama na sauti za mbuzi zilikuwa zinakaribia. Nikaifuta ile kurasa, nikairudisha simu mezani jinsi ilivyokuwa, nikatoka nje kwenda kupasua kuni kama mtoto mwema.

Kaka alimaliza kuchapa saa tano na nusu usiku. Akabonyeza ili aitume. Kimya. Akatazama, bando limekwisha. Akajaribu kukopa kwa Okoa Jahazi, akaambiwa kuna deni la zamani hajalipa. Akamwamsha Mama. Simu ya Mama ni ile ya mulika mwizi, lakini ilikuwa na shilingi chache za M-Pesa. Mama akatafuta miwani, akabonyeza nambari ya siri, akakosea, akarudia. Pesa zikawa salio, salio likahamishwa, salio likanunua bando. Saa tano na dakika 55. Ndani ya nyumba mtandao kwetu hushika kwa shida, basi kaka akakimbia nje chini ya mwembe, akaifudikiza ndoo, akapanda juu yake. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Mama akamshikia kurunzi. Mimi nilikuwa mlangoni, miguu yangu imekufa ganzi.

Kile kiduara kwenye kioo kilikuwa kinazunguka tu. Kikazunguka, kikazunguka. Kisha kikasimama, na maandishi yakatokea kwamba muda wa kuwasilisha umekwisha.

"Kwani hiyo mashine haiwezi kungoja dakika moja?" Mama akauliza. "Hata matatu hungoja."

Kaka hakujibu. Alishuka kutoka kwenye ndoo polepole, akaiinua, akaenda kuiweka mahali pake jikoni. Nami sikusema neno.

Kesho yake alimwandikia mhadhiri. Jibu lilikuwa la adabu na fupi: wanafunzi walipewa wiki nane. Nani angebisha? Matokeo yalipotoka mwezi wa Februari mwaka wa 2025, katika somo lile kaka alikuwa amepata alama 5 kati ya 10 katika jaribio, sufuri kati ya 20 katika insha, na 32 kati ya 70 katika mtihani. Jumla 37. Alama ya kupita ni 40. Alikuwa amekosa alama tatu! Ile insha, hata kama ingekuwa mbaya namna gani, ingemvusha.

Kurudia mtihani kuna ada yake. Mama akauza mbuzi wa tatu, yule mweupe. Baba alipiga simu kutoka Nairobi, akauliza swali moja tu: "Wiki zote nane ulikuwa unafanya nini?" Kule sokoni waliendelea kumwita kaka "Profesa", lakini sasa walikuwa wakilitamka kwa namna nyingine, na wengine walicheka kabla ya kulimaliza. Kaka akaacha kwenda sokoni.

Na mimi je? Mimi nilinyamaza. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho nikaona amenuna, nikasema wacha apoe kwanza. Akapoa, nikasema nisimharibie furaha. Nikafungua shule, nikasema nikifunga. Mwaka wa 2024 ukaisha, wa 2025 ukaanza, na lile neno lilikuwa bado limenikwama kooni kama mfupa wa samaki.

Katika muhula wa pili kaka alikuwa na somo la saikolojia ya elimu. Mhadhiri aliwaruhusu wanafunzi wajichagulie mada ya utafiti. Kaka akasema, "Mimi nitaandika kuhusu ugonjwa wangu mwenyewe." Akachagua kuchunguza kwa nini wanafunzi wa chuo kikuu huahirisha kazi, hasa wanaposoma mtandaoni. Likizo ya Aprili nilimkuta ameandika kurasa nyingi katika daftari lake kubwa, naye akaniruhusu nizisome. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka, nami nataka kuwagawia wenzangu machache niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kuwa kaka hayuko peke yake. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, aitwaye Piers Steel, alizikusanya tafiti nyingi sana na kuzichambua mwaka wa 2007. Katika andiko lake ametaja makadirio kwamba kati ya wanafunzi 100 wa vyuo, 80 hadi 95 huahirisha kazi zao kwa kiasi fulani. Kwa hivyo hata huko kwa wenye tarakilishi mezani na stima isiyopotea, ugonjwa ni ule ule. Steel anaonyesha kwamba mambo manne huenda pamoja na tabia hii: kazi yenyewe kumchukiza mtu, faida yake kuwa mbali, mtu kutojiamini kwamba ataiweza, na mtu kuvutwa upesi na vishawishi vilivyo karibu. Nilipoyasoma hayo manne nilimwona kaka yangu katika kila moja.

Jambo la pili ni hii tarehe ya mbali. Mwaka wa 2002 watafiti wawili, Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, walieleza jaribio walilolifanya na wanafunzi waliotakiwa kuandika kazi tatu katika muhula mmoja. Kundi moja lilipangiwa tarehe tatu zilizoachana sawasawa. Kundi la pili liliachiwa lijichagulie tarehe, na mtu angeweza kuziweka zote siku ya mwisho akitaka. Wewe ungechagua lipi? Mimi ningechagua uhuru. Lakini waliopangiwa tarehe ndio waliopata alama za juu zaidi. Katika jaribio jingine la kusahihisha maandishi, waliofanya vibaya zaidi ni wale waliokuwa na tarehe moja tu ya mwisho. Sasa tazama mwanafunzi wa mtandaoni: mara nyingi ana tarehe moja tu, iko mbali, na kabla yake hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Ile kengele niliyokuwa nikiichukia kumbe ndiyo iliyokuwa ikinibeba!

Jambo la tatu ni upweke. Darasani ukimwona jirani yako amejaza kurasa tatu nawe una sentensi moja, moyo hushtuka, kalamu ikakimbia. Mtandaoni humwoni mtu. Kaka anasema katika kundi lao la WhatsApp kila mmoja alikuwa akinyamaza, naye akadhani wote hawajaanza. Kumbe wengine walikuwa wamemaliza zamani. Tena kuna kozi za mtandaoni za bure ambazo mtu hujiandikisha kwa hiari yake, bila ada wala baba wa kumwuliza. Mwaka wa 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha hesabu za kozi hizo za vyuo vya Harvard na MIT kule Marekani. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza hawakufika wanne. Bila shaka wengine walijiandikisha kuonja tu, lakini hata hivyo hesabu hiyo inatisha.

Jambo la nne ni kwamba darasa na uwanja wa mpira viko ndani ya simu moja. Zamani, mwanafunzi akitaka kutoroka masomo ilimbidi aruke ua. Leo hainuki hata kwenye kiti. Hili sihitaji mtafiti anifundishe, kwa maana nililifanya kwa mkono wangu.

Bando na stima je? Ni kweli, haya ni matatizo makubwa kwetu, na si haki kumlaumu mtu ambaye mtandao umemwangusha. Lakini kaka aliandika pembeni mwa daftari lake: "Mtandao ulikuwa mzuri siku 55. Mimi nilimtegemea siku moja." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Jambo la mwisho ndilo lililonichoma. Mwaka wa 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba anayeahirisha kazi mara nyingi hatafuti raha. Anatafuta kuondoa hisia mbaya anayoipata akiitazama kazi ile: woga, aibu, wasiwasi kwamba hatoshi. Akiiweka kando anapata nafuu papo hapo. Ndiyo maana kesho yake atafanya vivyo hivyo. Lakini nafuu hiyo ni ya mkopo. Dianne Tice na Roy Baumeister walionyesha mwaka wa 1997 kwamba wanafunzi waahirishaji walikuwa na utulivu kuliko wenzao mwanzoni mwa muhula, ila mwishoni walizidiwa na wasiwasi na maradhi, na alama zao zikawa chini. Nilimwuliza kaka aliogopa nini. Akaniambia, "Wote mlikuwa mnaniita Profesa. Nikifungua ile kazi, naona siielewi. Nikasema, nikiiandika vibaya watajua mimi si profesa wa kitu chochote. Basi nikashika jembe. Jembe nalijua."

Niliposikia hivyo nilijiona mwenyewe kama katika kioo. Mimi nami nilikuwa na kazi niliyoiahirisha kwa miezi mitano. Haikuwa na kurasa kumi. Ilikuwa sentensi moja tu. Na nilikuwa nimeiahirisha kwa sababu ile ile: si uvivu, ni woga.

Siku hiyo tulikuwa tukipalilia mahindi. Nilisimamisha jembe, nikasema bila kumtazama, "Kaka, lile bando nililimaliza mimi. Nilitazama mpira."

Alinyamaza kwa muda. Nilisikia jembe lake likipiga udongo mara mbili, mara tatu.

"Nilijua," akasema. "Simu huonyesha bando limetumiwa wapi. Nilijua usiku ule ule."

"Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia Mama?"

Akafuta jasho. "Mdogo wangu, wewe ulikula saa moja. Mimi nilikuwa nimekula wiki nane. Ningekusema wewe, ningepata wa kulaumu, na mwaka ujao ningengoja tena siku ya mwisho." Kisha akaongeza, "Lakini nimefurahi umesema. Nilikuwa nakungoja."

Nililia, sioni haya kuandika. Jioni nilimweleza Mama pia. Yeye hakuwa mpole kama kaka! Nilichota maji peke yangu likizo nzima, na ilinistahili.

Sasa kaka alibadilika vipi? Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Bado kuna kazi humshinda akazisogeza. Lakini kwa ule mtihani wa marudio alifanya mambo matatu. Kwanza, aliikata kazi vipande vidogo, kila kipande na tarehe yake, akaziandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Pili, alimpa Mama mamlaka. Mama hajui mtandao ni nini, lakini ukuta wake anaujua. Kila jioni akipika alikuwa akiuliza, "Leo ni cha nne. Umemaliza cha nne?" Asipomaliza, sima ilikuwa inachelewa kuiva. Tatu, alimtafuta mwenzake mmoja wa kozi ile anayekaa Machakos, wakawa wanapigiana simu saa mbili usiku na kusoma pamoja kwa saa moja. Simu ikimaliza kazi yake, inalala chini ya mto wa Mama. Mimi siruhusiwi hata kuikaribia.

Alifaulu. Hakufaulu kwa kishindo, alifaulu tu. Siku matokeo yalipotoka alikwenda sokoni kumsaidia Mama kubeba magunia, na mzee mmoja akamwita "Profesa". Kaka akaitika.

Wenzangu wa kidato cha nne, karibuni mtaondoka hapa. Wengi wenu mtasoma masomo yenu, au baadhi yake, kwa njia ya mtandao. Hakuna kengele kule. Hakuna mwalimu wa zamu. Mtakuwa huru, na uhuru ni mzigo ambao hatujazoezwa kuubeba. Jitengenezeeni kengele zenu mapema: tarehe za karibu, rafiki wa kuwaulizia, ukuta wa jikoni. Na mkiona kazi fulani mnaikimbia kila siku, msijiite wavivu mkakata tamaa. Jiulizeni mnaogopa nini. Na kwa walimu wetu, nawaomba radhi kwa yote tuliyoyasema kuhusu kengele.

Mhariri wa jarida hili alituomba makala kabla ya mwisho wa mwezi. Hii nimemletea siku mbili kabla. Mama aliiandika tarehe ukutani.